Lokdauni iliisha zamani, mbona mimi bado nimejifungia?

Swali: "Habari daktari. Nina miaka 41, nimeolewa, ni mhasibu. Tangu 2020 nafanyia kazi nyumbani na kusema kweli mwanzoni lokdauni niliipenda, nilikuwa nasema bora iendelee tu. Mwaka 2021 mama yangu alifariki hospitalini kwa korona, hatukuruhusiwa kuingia, mazishi niliyaangalia kwenye simu. Na mimi niliugua kipindi hicho hicho ila sio sana. Sasa hivi kila mtu karudi kwenye maisha yake, mimi siwezi. Nikiwa kwenye foleni au lifti yenye watu moyo unataka kutoka kifuani. Miezi michache iliyopita ofisini waliitisha kikao cha ana kwa ana, nikatoka katikati, nikapelekwa hospitali nikijua ni moyo, wakapima wakasema moyo hauna shida. Tangu siku hiyo sijarudi. Harusi ya mdogo wangu nilisingizia naumwa. Usiku silali mpaka saa nane, saa tisa, nikaanza glasi moja ya mvinyo ili nilale, sasa zimefika tatu. Nasahau vitu vya kijinga kabisa. Mume wangu anasema korona imeisha, acha kujidekeza. Naomba kujua, lokdauni imeniharibu ubongo? Au ndiyo nimekuwa mtu wa kupenda upweke tu? Na je ninywe dawa au nisubiri ipite yenyewe?"

Jibu:

Dada, pole. Pole ya mama kwanza, maana nimeona umemuweka katikati ya swali kwa sentensi moja tu kama kitu cha kupita njiani, halafu ukaendelea na foleni na lifti. Nitarudi hapo, kwa sababu nahisi sehemu kubwa ya jibu lako ipo ndani ya hiyo sentensi.

Halafu nijitambulishe vizuri kabla hatujaenda mbali. Umeniita daktari, nashukuru, ila mimi ni mwanasaikolojia, siandiki dawa. Kwenye dawa nitakueleza ninachokijua ila wa kukuandikia ni mwingine. Na kitu kingine, kupitia maandishi siwezi kukupa jina la ugonjwa, hata barua iwe ndefu namna gani, kwahiyo soma haya kama maelezo ya mtu anayeona mambo ya aina hii kila wiki, sio kama cheti.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, hakuna kitu kwenye barua yako kinachonionyesha ubongo ulioharibika. Mimi naona ubongo uliojifunza kitu fulani vizuri sana, tena kwa mazoezi ya miaka, na hakuna aliyeufundisha kwamba somo limebadilika. Najua ukiwa ndani ya hiyo hali unaona ni maneno tu, lakini kwa matibabu ni tofauti kama usiku na mchana, kwa sababu kilichojifunzwa kinaweza kufundishwa upya.

Nadhani hofu ya "ubongo umeharibika" watu wengi wameipata kwenye vichwa vya habari. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona (ile huzuni nzito isiyoondoka) duniani viliongezeka kwa asilimia 25. Watu wakasoma haraka haraka wakaelewa kwamba robo ya binadamu wote wamechanganyikiwa. Sivyo. Ongezeko la asilimia 25 maana yake ni hivi, tuchukulie mahali fulani kati ya watu 100 walikuwepo wanne wenye tatizo, sasa wamekuwa watano. Huyo mmoja aliyeongezeka ni mtu kamili na mateso yake ni ya kweli, na ukizidisha kwa dunia nzima ni mamilioni (kuna makadirio yalichapishwa 2021 kwenye jarida la kitabibu la Lancet, walisema ndani ya 2020 peke yake waliongezeka kama watu milioni 76 wenye wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa na milioni 53 wenye sonona, na wanawake na vijana ndio walioumia zaidi). Ila wale 95 wengine hawakuugua. Kwahiyo ukiangalia kulia na kushoto ukaona wenzako wamesahau, macho yako hayakudanganyi, wengi kweli walitikisika miezi ya mwanzo halafu wakatulia. Na wewe kutotulia hakukufanyi uwe kituko, kuna kundi zima ambalo halikutulia na nikikaa ofisini kwangu nawaona.

Tena watafiti waliowafuatilia watu walewale kabla na baada ya lokdauni, wengi wao walikuta kwamba kwa wastani mabadiliko yalikuwa madogo kuliko ilivyoogopwa. Wengine wakaichukua hiyo kama ushahidi kwamba watu wanajidekeza, neno la mumeo hilo. Lakini wastani una ujanja wake. Kwenye nyumba moja baba kapumzika na safari za kazini analala vizuri kuliko miaka yote, mama kafungiwa na watoto na kazi na mgonjwa anakaribia kupasuka, ukijumlisha ukagawanya unapata "hakuna kilichobadilika". Mwambie mumeo hivyo, kwa upole.

Na lokdauni zenyewe hazikuwa kitu kimoja. Wuhan kule China walifungiwa siku 76 mfululizo. Melbourne kule Australia walifungiwa mara sita tofauti, ukijumlisha ni siku 262. Kuna sehemu watu walitembea kama kawaida. Halafu mwanzoni mwa 2020 kuna watafiti walirudi kusoma karantini za zamani, za SARS (ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona) na Ebola na kadhalika, wakauliza ni kitu gani hasa kinamuumiza mtu aliyefungiwa. Kuta peke yake hazikuwa jibu. Walikuta ni muda mrefu, hofu ya kuambukizwa, kuchoka kwa kutofanya kitu, kukosa mahitaji, taarifa zinazopingana, kupoteza kipato, na kunyanyapaliwa baada ya kutoka. Mimi nikikusoma wewe naona kipato hukupoteza, mahitaji ulikuwa nayo, nyumba ulikuwa nayo. Wewe ulipoteza mama na hukupewa nafasi ya kumuaga. Mtu anaweza kupita lokdauni nzima bila mkwaruzo akaumizwa na siku moja tu ndani yake.

Lakini tuanze na foleni na lifti maana ndizo zinazokusumbua kila siku.

Ulisema mwanzoni uliipenda lokdauni. Usione aibu, wengi waliipenda, na huwa nawauliza hilo mapema sana kwa sababu linanipa mwanga. Kuna watu ambao hata kabla ya korona vikao viliwachosha, salamu za korido ziliwachosha, kila siku walikuwa wanajikaza kidogo bila hata kujua kwamba wanajikaza. Lokdauni ikaja ikawaondolea yote kwa amri ya serikali, hakuna wa kukulaumu, unakaa nyumbani na unasifiwa kwamba ni raia mwema. Nafuu ya ajabu. Shida ni kwamba kukutana na watu ni kama mguu, ukiufunga plasta ngumu wiki nyingi unapona mfupa ila msuli umenywea, na siku ya kufungua plasta mguu unatetemeka hata kwa hatua tatu. Huo mtetemeko sio kwamba mfupa umevunjika tena. Wewe ulipousikia ukarudisha plasta mwenyewe.

Ngoja nikuonyeshe ilivyo kwa karibu. Siku ya harusi ya mdogo wako, nabahatisha tu utanisahihisha. Nguo ipo kitandani imeshapigwa pasi. Tangu asubuhi tumbo halijatulia. Umeoga, umevaa, umekaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, unaanza kuona ukumbi, unaona watu wanakugeukia, unaona mlango upo mbali. Moyo unaanza. Mikono inalowa. Unajiambia nikienda nitaanguka mbele za watu nimharibie siku yake. Unachukua simu, unaandika "nimeamka vibaya sana leo", unatuma. Halafu sekunde chache baada ya kutuma... aaah. Mabega yanashuka. Pumzi inarudi. Unavua kile kiatu.

Hiyo "aaah" ndiyo ugonjwa wenyewe. Sio lile jasho, sio mapigo, ni ile nafuu. Ubongo unafanya kazi kwa hesabu rahisi sana, ukifanya kitu ukapata nafuu, unaandika: hiki kimetuokoa, tukirudie. Ubongo wako siku hiyo uliandika kwamba harusi ilikuwa hatari na ujumbe wa simu ndio uliokuokoa. Haujui kwamba ukumbini kulikuwa na wali na shangazi tu, utajuaje na wewe hukuupeleka ukaona? Kesho yake ikaja foleni, ukaiacha, nafuu, ikaandikwa. Kikao, ukatoka, nafuu, ikaandikwa. Kwahiyo serikali zilifungua mipaka, Shirika la Afya Duniani likatangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya dunia imekwisha, na wewe kumbe unaendelea kujiongezea wiki mbili mbili za lokdauni kila unapoepuka kitu. Ndiyo maana nasema kusubiri ipite yenyewe hakutasaidia. Muda unaponya vitu vingi lakini hofu inayolishwa na kuepuka, muda unainenepesha.

Na usijilaumu kwamba ulijifunza vibaya. Mwaka 2020 somo lilikuwa sahihi! Tuliambiwa kila siku, redioni, kwenye simu, kwenye mabango, kwamba pumzi ya mwenzako inaweza kukuua au ukamuua nayo mzazi wako. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuta pakiti za sukari kwa dawa kabla hazijaingia jikoni, mtu mzima na shahada zangu. Na wewe kwako halikuwa tangazo, lilikuja kutokea kweli, mama aliugua akaondoka. Ubongo uliopitia hivyo ukiweka king'ora kwenye kila chumba chenye watu, unafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba king'ora kimebaki kimewashwa na hakuna moto.

Sasa lile tukio la ofisini. Inavyoonekana ulipata kile tunachokiita shambulio la hofu. Naomba uelewe linavyotengenezwa maana ukilielewa linapungua nguvu. Umekaa kwenye chumba, watu wengi, hewa nzito, king'ora kinalia, tezi zinamwaga adrenalini. Adrenalini ni ya kukimbia au kupigana, kwahiyo moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa ya juu juu na ya haraka, na ukipumua hivyo unatoa hewa chafu nyingi kuliko kawaida, ndiyo ganzi kwenye vidole na midomo inaanza, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Hadi hapo hakuna hatari. Hatari inaingia pale unapojiambia "huu ni moyo, nakufa". Hiyo sentensi nayo ni habari ya hatari, king'ora kinaongeza sauti, adrenalini nyingine, moyo mbio zaidi, unaona sasa nimethibitisha. Ni mduara. Kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika kama kumi halafu linashuka lenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kubaki juu namna hiyo, unachoka. Lakini wewe ulitoka kabla halijashuka, kwahiyo ukabaki unaamini kwamba mlango ndio uliokuokoa.

Ulifanya vizuri kwenda kupimwa moyo, hilo silitanii. Kitu ambacho ningeongezea ni daktari wa kawaida akuangalie damu na tezi ya shingo, kwa sababu tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta mapigo ya mbio na kukosa usingizi ambako ukisoma kwenye karatasi huwezi kukutofautisha na wasiwasi. Na mwambie kwamba uliugua korona. Baadhi ya watu, hata ambao hawakuugua sana, walibaki na uchovu na akili yenye ukungu na mapigo yanayopanda hovyo kwa muda mrefu, na hayo ni ya virusi, sio ya kufungiwa ndani. Inawezekana kabisa una yote mawili kwa pamoja, na sisi wanasaikolojia tuna tabia mbaya ya kuona kila kitu ni saikolojia.

Kuhusu kupenda upweke. Wapo watu wakimya wanaopenda kukaa wenyewe na hawaumwi popote, na kama lokdauni imekufundisha kwamba huhitaji sherehe nne kwa mwezi basi shukuru umejijua. Kipimo changu ni kidogo tu. Siku hukuenda kwenye harusi, jioni ulikuwa umetulia na kitabu chako au ulikuwa unaangalia picha za harusi kwenye simu huku roho inauma? Umesema "nilisingizia", mtu anayependa upweke hasingizii hivyo kwa mdogo wake, anasema nitakuja nikae kwa muda wa saa moja niondoke. Anayechagua upweke anapumzika akiwa nao. Anayekimbia, anakimbia na kidonda. Nakumbuka jaribio moja la MIT, chuo kikuu cha Marekani, lilifanyika kwa watu 40, waliwekwa peke yao kwa muda wa saa kumi bila watu na bila simu, siku nyingine wakakaa muda huohuo bila kula. Walipopimwa ubongo, ile sehemu inayowaka mtu mwenye njaa akionyeshwa picha ya chakula ndiyo ileile iliyowaka mpweke alipoonyeshwa picha za watu wakiwa pamoja. Yaani kuwakosa watu ni njaa, na saa kumi tu zinatosha. Wewe una njaa dada na wakati huohuo unaogopa chakula, hiyo sio tabia ya kuzaliwa.

Kusahau nako nikupe haraka. Mtu anayelala saa tisa, anayekunywa glasi tatu, ambaye nusu ya akili yake ipo zamu inasikiliza king'ora, atasahau funguo kwenye friji. Na siku zako zote zikifanana, chumba kilekile, kiti kilekile, ubongo unakosa pa kutundikia kumbukumbu, ndiyo maana watu wengi hadi leo ukiwauliza jambo fulani lilikuwa 2020 au 2021 wanakwama. Sina haraka ya kukutisha na hilo, tengeneza usingizi kwanza halafu tuone kinachobaki.

Kwenye usingizi wengi wanakosea kwa kupigania saa ya kulala. Huwezi kulazimisha usingizi, ila kuamka unaweza. Chagua saa ya kuamka isiyobadilika, uifuate hata kama ulilala saa kumi alfajiri, hata jumapili, na ukiamka toka nje upate mwanga wa jua dakika ishirini hivi, kwa sababu saa ya mwili inasetiwa na mwanga wa asubuhi na wewe kwa miaka hii asubuhi yako imekuwa ni hatua kumi kutoka kitandani hadi kwenye kompyuta. Wiki ya kwanza utateseka, sikufichi. Na mvinyo, unakulaza kweli lakini unakatisha usingizi nusu ya pili ya usiku, na ukitoka mwilini unaacha wasiwasi wa asubuhi ambao unautibu jioni kwa glasi nyingine. Shuka taratibu, kutoka tatu hadi mbili hadi moja, kwa wiki kadhaa. Kama glasi zako ni kubwa kuliko ulivyoandika, au ukikosa mikono inatetemeka, usiache ghafla mwenyewe nyumbani, muone daktari kwanza, kuacha pombe ghafla kwa mtu aliyezoea sana kunaweza kuwa hatari kwa mwili.

Sasa kuhusu mama.

Watu wanadhani msiba ni maumivu peke yake. Msiba pia ni taarifa, na ubongo unaipokea taarifa hiyo taratibu kwa macho, kwa mikono, kwa watu wanaoingia na kutoka wakisema pole, kwa kuona udongo unashuka. Zile shughuli zote zinazochosha za mazishi zina kazi hiyo, zinaushawishi mwili kwamba imetokea kweli. Wewe ulipewa kioo cha simu. Picha inakwama, sauti inakatika, mtu anapita mbele ya kamera, halafu simu inaisha na umekaa sebuleni kwako na vyombo bado vipo mezani. Upande mmoja wako unajua mama amefariki, na upande mwingine naamini bado unasubiri kupigiwa kutoka wodini.

Huzuni iliyokwama hivyo ina utaratibu wake na matibabu yake. Kwenye mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani inatambulika kama imepita miezi sita na bado inamzuia mtu kuishi, Wamarekani kwenye mwongozo wao waliiingiza mwaka 2022 na wao wanahesabu mwaka mzima. Sisemi unayo. Ila nataka ujiulize vitu hivi, je, unaweza kulitaja jina lake bila kubadilisha mada? Vitu vyake vipo wapi, umevigusa? Unajisikia kwamba kufurahi harusini ni kumsaliti? Na kuna moja nimekuwa naliwaza tangu nisome barua yako, je, kuna siku umejiuliza kama ni wewe uliyempelekea korona? Wengi walioumwa wakati mmoja na mzazi wanabeba hilo swali na hawamwambii mtu. Kama na wewe unalo, ndilo la kwanza kulisema ukimpata mtaalamu, usilimalizie mwishoni mwa kikao ukiwa umeshika mlango.

Mazishi unaweza kuyafanya hata leo. Nimeona watu wakienda makaburini miaka mitatu baadaye na ndugu wachache, wakasoma walichoandika, wakalia kilio ambacho kilikuwa kinangoja. Ongea na mdogo wako mwende pamoja, maana na yeye alifiwa na mama yuleyule, na alioa au aliolewa bila mama na bila wewe.

Turudi kwenye hofu, tiba yenye ushahidi mzuri kuliko zote ni kurudi kidogo kidogo kwenye kile unachoogopa, kwa mpangilio. Sio kujitupa. Mumeo akikwambia twende leo kwenye mkutano wa watu elfu moja uzoee, kataa. Chukua karatasi uandike sehemu kumi unazoepuka, kila moja uipe namba ya hofu kutoka sifuri hadi kumi, uanze na yenye tatu au nne. Labda ni foleni fupi asubuhi wakati hakuna watu. Nenda, simama, na hofu ikipanda usitoke, usichukue simu, usijipulizie, usijiambie maneno ya kujiokoa, subiri tu uangalie inavyopanda na inavyoshuka, hata ikichukua dakika ishirini. Ukitoka kabla haijashuka umelisha kilekile tulichokiongelea. Rudia kesho hapohapo, na keshokutwa, mpaka pakuchoshe, ndipo upande inayofuata. Kuna mteja mmoja (nimebadilisha mambo yake asijulikane) tulianza na kusimama tu kwenye geti la jengo la ofisi yake bila kuingia, mimi nimeshika saa. Siku ya kwanza alisema nane. Dakika ya kumi na nne akasema nne, halafu akaanza kulalamika kwamba jua ni kali na anataka kwenda kula. Hapo ndipo nilipojua tumepata kitu.

Onyo dogo, hofu ya zamani haifutiki, unachofanya ni kuandika somo jipya juu yake. Kwahiyo ukiugua mafua, ukisikia tangazo la ugonjwa mpya, ukifika tarehe ya mama, ya zamani inaweza kuchungulia. Utadhani umerudi mwanzo na hujarudi.

Unaweza kuanza mwenyewe, ila kwa hali yako, shambulio la hofu pamoja na msiba pamoja na mvinyo, ningependa uwe na mtaalamu pembeni, mtu wa tiba ya mazungumzo anayejua kufanyia kazi mawazo na vitendo, kwa vikao kama kumi hadi kumi na sita. Onlaini inafanya kazi vizuri kwa watu wengi na mimi mwenyewe naifanya, ila kwako nina wasiwasi nayo kidogo, mtu ambaye tatizo lake ni kutotoka nyumbani nikimtibu akiwa nyumbani naweza kuwa namsaidia kujificha. Labda vikao viwili vya kwanza onlaini halafu vingine uende.

Dawa: zipo za sonona ambazo zinatumika pia kwa wasiwasi na mashambulio ya hofu, hazileti uraibu wa kutamani, hazikubadilishi uwe mtu mwingine. Zinachukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi yake, na siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu na hata kuongeza wasiwasi kidogo, wengi wanaacha hapo hapo wakisema zimewadhuru, na kuacha ghafla nako kunasumbua. Kama hofu ni kubwa mpaka huwezi hata hiyo foleni fupi, dawa inaweza kukushushia ngazi ili uanze kupanda. Kama unaweza kuanza bila dawa, jaribu tiba kwanza, uamuzi ni wako na daktari wako. Ninachokuomba tu usichukue vidonge vya kutuliza au vya usingizi kwa rafiki, vile vya jamii ya diazepamu. Vinatuliza ndani ya nusu saa na ndiyo ubaya wake, unapata ile "aaah" kwenye kidonge, mwili unazoea, na ukichanganya na mvinyo vinaweza kukuzuia pumzi usiku.

Kuna mambo ambayo hayasubiri karatasi wala ngazi. Ukianza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, au kwamba ungemfuata mama, mwambie mumeo siku hiyohiyo na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mawazo tu na huna mpango. Kama kwa wiki mbili mfululizo huna hamu na chochote, chakula hakipiti, kutoka kitandani ni kazi, hiyo ni sonona mpaka ithibitike vinginevyo na inatakiwa kuonwa ana kwa ana. Na maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi au kubeba kitu na kuondoka ukipumzika, hayo yarudishe kwa daktari wa moyo hata kama ulishapimwa.

Kuhusu mumeo, sidhani ni mtu mbaya, nadhani ameogopa na hana neno lingine. Ila acheni kujadili kama korona imeisha. Mpe kazi. Mwambie jumamosi nakwenda kusimama foleni, naomba unisindikize ukae mbali, usinishike mkono, usiniulize kila dakika kama niko sawa, na nikitaka kukimbia uniambie neno moja tu, "subiri". Baada ya wiki mbili aache kuja.

Kila ukitoka andika tarehe, mahali, namba ya hofu ulipofika na namba ulipoondoka, na dakika ulizokaa. Usiandike hisia ndefu. Ukipata mtaalamu mpe hiyo karatasi kabla hujaanza kumueleza, itamuokolea vikao viwili.